Kutunza barua pepe za biashara kama kumbukumbu za kisheria: ulinganisho wa njia nne

Kampuni nyingi za Tanzania huamini kwamba barua pepe zao zimehifadhiwa kwa sababu tu zinaonekana. Mhasibu akifungua sanduku lake anaikuta ankara ya mwaka juzi, na meneja mauzo akitafuta jina la mteja anapata mazungumzo yote ya zabuni. Siku barua hiyo itakapohitajika mbele ya jaji au mkaguzi wa kodi, hata hivyo, kuwapo kwake hakutatosha. Ataulizwa aliyeileta imetunzwaje, nani alikuwa na uwezo wa kuigusa, na ni nini kinachothibitisha kwamba hakuigusa. Ulinganisho huu unafuata swali hilo, kwa sababu ndilo linalotenganisha njia zinazofanana kwa nje lakini zisizo na thamani sawa mahakamani.

Njia zenyewe ni nne. Ya kwanza ni kuziacha barua katika masanduku ya watumishi na kutegemea nakala rudufu za seva. Ya pili ni kunakili kila barua inapopita kwenye seva, kabla mtumishi hajaiona. Ya tatu ni programu maalumu ya hifadhi, na ya nne ni zana za uhifadhi zilizomo ndani ya huduma za wingu za Google na Microsoft. Njia ya pili na ya tatu huwa na nguvu zaidi zikifungwa pamoja, nami sitaficha kwamba upendeleo wangu uko huko kwa kampuni yoyote inayoendesha seva yake yenyewe.

Sheria inadai nini

Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, katika kifungu cha 18, inakataza ujumbe wa kielektroniki kukataliwa mahakamani kwa sababu tu ni wa kielektroniki. Jambo hilo halikuwa wazi tangu mwanzo. Mwaka 2000, katika shauri la Trust Bank Tanzania dhidi ya Le-Marsh Enterprises, Jaji Nsekela wa Divisheni ya Biashara ya Mahakama Kuu alilazimika kuamua kama karatasi zilizochapwa kutoka kwenye kompyuta ya benki zinaweza kuhesabiwa kuwa sehemu ya vitabu vya benki, naye akakubali kwamba zinaweza. Leo mlango wa kupokelewa uko wazi zaidi, na mabishano yamehamia kwenye uzito wa ushahidi. Kifungu hichohicho kinaielekeza mahakama kutazama jinsi ujumbe ulivyotengenezwa, ulivyohifadhiwa au ulivyosafirishwa, jinsi ukamilifu wake ulivyolindwa, na jinsi aliyeutuma alivyotambuliwa.

Kisha sheria inataja mazingira ambamo uhalisi wa mfumo wa kumbukumbu utachukuliwa kuwa upo mpaka ithibitishwe vinginevyo: pale ushahidi unapoonyesha kwamba kompyuta ilikuwa ikifanya kazi sawasawa wakati wote unaohusika, pale kumbukumbu ilipotunzwa na upande unaopingana na yule anayeitoa, au pale ilipotunzwa, katika mwenendo wa kawaida wa biashara, na mtu asiye mhusika wa shauri na asiyekuwa chini ya mamlaka ya anayeitoa. Mazingira ya pili yanastahili kusomwa mara mbili. Barua iliyokuwa kwenye seva yako, ikiwasilishwa na mpinzani wako, ni vigumu sana kwako kuikana, na kwa hiyo hifadhi nzuri hukubana wewe kama inavyokukinga. Wapo wakurugenzi wanaoona hiyo ni sababu ya kutokuwa na hifadhi kabisa. Wanasahau kwamba upande wa pili una nakala zake, na kwamba asiye na mazungumzo yote hana namna ya kuonyesha kuwa barua mbili zilizoletwa mahakamani zilichaguliwa kati ya kumi.

Kuhusu muda, Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inataka nyaraka za kodi zitunzwe kwa miaka 5. Sheria ya Ukomo, kwa upande wake, inatoa miaka 6 ya kufungua madai yanayotokana na mkataba, ikihesabiwa tangu haki ya kudai ilipozaliwa. Kampuni inayofuta kila kitu baada ya mwaka wa tano kwa kuwa imeifikiria TRA peke yake inabaki mwaka mzima bila kinga dhidi ya mteja au msambazaji. Ninapendekeza miaka 7 kama kipimo cha kawaida, huku taasisi za fedha na wengine wenye sheria zao mahususi wakifuata muda mrefu zaidi pale wanapoamriwa hivyo.

Wanaofanya biashara na Kenya wana sharti la ziada la kulifikiria. Kodi ya huko nayo inataka miaka 5, chini ya Sheria ya Taratibu za Kodi ya mwaka 2015, lakini kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi ya Kenya kinadai kumbukumbu ya kielektroniki iambatane na cheti kinachoeleza namna ilivyotolewa na kifaa kilichohusika, kikiwa kimetiwa saini na mtu mwenye wajibu juu ya kifaa hicho. Mawakili wa Tanzania nao huambatanisha hati ya kiapo yenye maelezo ya aina hiyo. Msimamizi wa mfumo anayetakiwa kuapa namna hiyo anahitaji mfumo anaoweza kuueleza bila kusitasita, tena mbele ya wakili wa upande wa pili ambaye amejiandaa.

Kuna sheria moja inayovuta upande mwingine. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, hairuhusu taarifa za watu kukaa muda mrefu kuliko haja iliyozikusanya, na inaweka masharti ya kuzisafirisha nje ya nchi. Barua pepe za kazini zimejaa taarifa za namna hiyo: wasifu wa waombaji kazi, vyeti vya daktari, nakala za vitambulisho vya wateja. Kwa sababu hiyo, mfumo usioweza kufuta muda unapokwisha una kasoro sawa na mfumo unaomruhusu kila mtu kufuta apendavyo.

Masanduku ya watumishi na nakala rudufu

Njia hii ndiyo iliyoenea kuliko zote, hasa kwa kampuni zilizonunua tovuti na barua pepe kwa pamoja kutoka kwa mtoa huduma wa ndani, ambako watumishi husoma barua kwa programu ya Outlook au kwa Roundcube, inayofunguliwa kwenye kivinjari. Gharama yake ni ndogo na haihitaji ujuzi. Kasoro yake ni kwamba mwenye sanduku ndiye mwenye mamlaka ya mwisho juu ya ushahidi: meneja ununuzi aliyepokea rushwa anaweza kufuta barua dakika tano baada ya kuisoma, na nakala rudufu inayochukuliwa saa nane usiku haitaiona kamwe.

Nakala rudufu yenyewe ina kazi nyingine kabisa, nayo ni kurudisha seva ilivyokuwa jana endapo diski itaungua leo. Kwa kawaida nakala za wiki huandikwa juu ya nakala za wiki zilizotangulia, kwa hiyo baada ya miezi miwili au mitatu barua iliyofutwa haipo popote. Hata pale kampuni inapoweka nakala za kila mwezi kwa miaka saba, kutafuta barua moja ndani ya nakala themanini na nne, kila moja ikihitaji kurudishwa kwenye seva kwanza, ni kazi ambayo hakuna atakayeimaliza kabla ya tarehe ya shauri.

Hali huwa mbaya zaidi pale kompyuta zilipopangwa kwa POP3, njia ya zamani ya kupokea barua, ambapo barua huteremshwa na mara nyingi kuondolewa kwenye seva. Hapo kumbukumbu ya kampuni inabaki ndani ya faili la PST, ambamo Outlook huweka barua, kwenye kompyuta ndogo ya mtumishi, faili ambalo kwa mpangilio wa kawaida hufikia ukomo wa GB 50, huharibika kwa urahisi, na huondoka mlangoni siku mtumishi anapoacha kazi. Kwa madhumuni ya kisheria njia hii siipendekezi kwa kampuni yoyote, hata ndogo. Nimeieleza kwa sababu ndiyo ambayo wengi wako nayo sasa.

Nakala ya mlangoni

Masijala za ofisi zetu zilikuwa na utaratibu uliojulikana: barua ilipofika ilipigwa muhuri na kuandikwa kwenye rejista kabla jalada halijapelekwa kwa afisa, na afisa akilipoteza jalada, rejista ilibaki kushuhudia kwamba barua ilifika. Kunakili barua pepe kwenye seva hufuata busara hiyohiyo. Nakala huchukuliwa mlangoni, barua inapoingia au inapotoka, na mtumishi hana mkono katika jambo hilo.

Katika Postfix, seva inayotumika sana kwenye mashine za Linux, mstari mmoja wa `always_bcc` unatosha kupeleka nakala ya kila barua kwenye anwani ya hifadhi, na `sender_bcc_maps` pamoja na `recipient_bcc_maps` huwezesha kuchagua baadhi ya watumaji au wapokeaji. Urahisi huo umewafanya wengi waishie hapo, na hapo ndipo mambo manne yanapowakwaza baadaye.

La kwanza ni wapokeaji wa siri. Barua pepe ina bahasha na ina karatasi ya ndani, na wapokeaji waliowekwa kwa siri huandikwa kwenye bahasha tu. Nakala inayotokana na `always_bcc` hubeba karatasi ya ndani lakini haibebi bahasha ya awali, kwa hiyo hifadhi haitaonyesha kwamba mkurugenzi wa kampuni shindani alipewa nakala ya bei zenu. Exchange, seva ya barua pepe ya Microsoft, hufanya vizuri zaidi hapa: ripoti yake ya unakili huifunga barua ya awali kama kiambatisho na kuandika juu yake orodha kamili ya wapokeaji, wakiwamo wa siri na wale waliotokana na anwani za kikundi. Kwa Postfix, dawa ni kutunza daftari la matukio la seva kwa muda uleule wa miaka saba, kwa kuwa ndani yake kila mpokeaji wa kweli huandikwa pamoja na namba ya foleni inayounganishwa na kitambulisho cha barua. Kwa mpangilio wa kawaida wa Debian na Ubuntu daftari hilo hutupwa baada ya wiki nne hivi, na wengi hugundua jambo hili wakati tayari wamechelewa.

La pili ni kushindwa kwa hifadhi yenyewe. Anwani ya hifadhi ikijaa au ikikataa barua, taarifa ya kushindwa hurudishwa kwa aliyetuma barua ya awali, na nyaraka za Postfix zenyewe zinaonya hivyo. Mteja wa nje anaweza kujikuta akipokea ujumbe wa ajabu kuhusu anwani asiyoijua, huku kampuni ikiwa haina habari kwamba imeacha kuhifadhi tangu Jumanne. Anwani ya hifadhi inahitaji kuchunguzwa kila siku na mfumo unaotoa tahadhari.

La tatu ni nakala mbilimbili. Seva inayotumia kichujio cha virusi na taka kama Amavis huipokea barua mara mbili, mara ya kwanza kutoka nje na mara ya pili kutoka kwa kichujio, na bila kuweka mpangilio wa `no_address_mappings` mahali panapostahili kila barua itahifadhiwa mara mbili. Hili ni kosa dogo la kiufundi, lakini wakili makini atauliza ni kwa nini barua moja inaonekana mara mbili yenye taarifa za njia zinazotofautiana.

La nne, na zito kuliko yote, ni kwamba mwisho wa safari ya nakala hizo ni sanduku la kawaida. Mwenye nenosiri lake anaweza kufuta kilichomo, na msimamizi wa seva anaweza kubadilisha faili bila kuacha alama. Tatizo limeondolewa mikononi mwa watumishi ishirini na kuwekwa mikononi mwa mmoja. Hilo ni jema, lakini halijafika mwisho, na ndiyo sababu njia hii inahitaji njia ya tatu.

Programu maalumu ya hifadhi

Programu hizi hupokea nakala ya mlangoni, huihesabia kila barua alama ya kihesabu ambayo hubadilika herufi moja tu ya barua ikibadilishwa, huipanga kwa utafutaji, na huiwekea muda wa kukaa. Mbili ninazoziona zinafaa kulinganishwa kwa mazingira yetu ni Piler na MailStore Server.

Piler ni programu huria ya Linux, na lipo pia toleo la kulipia lenye huduma za ziada. Hukaa kwenye mashine yake yenyewe, hupokea barua kwa SMTP, lugha ambayo seva hutumiana barua, kama seva nyingine yoyote, huzibana na kuzifunga kwa ufunguo wa siri, na kiambatisho kilichotumwa kwa watu thelathini hukihifadhi mara moja tu. Mkaguzi anayeruhusiwa kusoma barua zote hutenganishwa na msimamizi anayepanga mipangilio, na kila utafutaji huandikwa. Ina kanuni za muda kwa aina za barua, na ina zuio la kisheria la kusimamisha ufutaji kwa anwani zinazohusika na shauri. Udhaifu wake ni kwamba inadai mtu anayeifahamu Linux kwa kweli, na kwamba ufunguo ule wa siri ukipotea hifadhi nzima haisomeki tena. Ufunguo huo unapaswa kuandikwa na kufungiwa kasiki siku ya kwanza, nje ya jengo ilimo seva.

MailStore Server hutoka Ujerumani, nchi ambayo sheria zake za kodi zimeyabana makampuni kuhusu uhifadhi wa kielektroniki kwa muda mrefu, na nidhamu hiyo inaonekana katika programu yenyewe. Hukaa kwenye Windows, huwekwa kwa urahisi, hulipiwa kwa idadi ya watumiaji, na huweza kuvuta barua kutoka karibu kila mahali: masanduku yanayosomwa kwenye seva kwa IMAP, Exchange, Microsoft 365, hata mafaili ya PST yaliyotelekezwa. Kwa ofisi isiyo na mtaalamu wa Linux, sifa hizi zina uzito mkubwa. Hata hivyo, urahisi wake wa kuvuta unaweza kupotosha. Programu inayovuta barua kutoka kwenye masanduku kila baada ya saa kadhaa hukuta kilichobaki tu, na barua iliyofutwa kabla ya hapo imepita bila kuonekana, sawasawa na ilivyokuwa kwa nakala rudufu. Anayeichagua MailStore kwa madhumuni ya kisheria aifunge na unakili wa mlangoni, kupitia Exchange au kupitia lango lake la MailStore Gateway, na uvutaji autumie kwa barua za zamani peke yake.

Kwa zote mbili, diski si gharama ya kutisha. Tuseme kampuni ina watumishi 20, kila mmoja akituma na kupokea barua 60 kwa siku zenye wastani wa KB 150. Hiyo ni MB 180 kwa siku, GB 54 kwa mwaka wenye siku 300 za kazi, na GB 378 kwa miaka saba, kabla ya kubanwa. Diski mbili za kawaida zinazoakisiana zinatosha. Gharama ya kweli iko kwa mtu: yule anayeiangalia mashine, anayejaribu kurudisha barua, na anayeandika kila badiliko alilofanya.

Mtu huyo asiwe ndiye msimamizi wa seva ya barua pepe, kama kampuni inaweza kumudu hilo. Alama za kihesabu hufichua badiliko lililofanywa baadaye, lakini mtu mmoja mwenye mamlaka yote juu ya mashine zote mbili anaweza kubadilisha barua na alama yake pamoja. Kuna namna ya kupunguza hatari hiyo: orodha ya alama za kila siku ichapishwe au itumwe kwa mhasibu wa nje au wakili wa kampuni, ambaye hana uwezo wa kugusa hifadhi. Gharama yake ni ndogo sana, na thamani yake mahakamani ni kubwa kuliko maelezo yoyote ya kiufundi.

Zana za wingu

Kampuni iliyokwisha hamia Google Workspace au Microsoft 365 haina seva ya kuiwekea nakala ya mlangoni kwa namna iliyoelezwa juu, na zana zake za uhifadhi ziko ndani ya huduma yenyewe. Swali la kwanza ni la leseni, na ndilo linalowapotosha wengi. Google Vault, zana ya uhifadhi ya Google, haimo katika vifurushi vya Business Starter na Business Standard. Huanzia Business Plus. Kwa Microsoft, zuio la kisheria juu ya sanduku zima linahitaji Exchange Online Plan 2, au Plan 1 iliyoongezewa huduma ya hifadhi. Kampuni iliyonunua kifurushi cha chini ina barua pepe nzuri isiyo na hifadhi ya kisheria, hata kama muuzaji alisema vinginevyo.

Zikiwapo leseni, utendaji ni mzuri. Mtumishi akifuta barua, haionekani kwake, lakini hubaki nyuma ya pazia mpaka muda uliowekwa upite, na mkaguzi huitafuta na kuitoa pamoja na taarifa zake zote za kichwa, yaani mistari inayoonyesha mtumaji, saa na seva ilizopitia. Hoja ya mtunzaji asiye mhusika wa shauri nayo inasikika vizuri zaidi hapa, ingawa kampuni ndiyo inayopanga kanuni za muda, na kwa hiyo wakili wa upande wa pili hatakosa la kusema.

Tofauti inayopaswa kueleweka ni kwamba Vault haichukui nakala ya pembeni. Huzuia barua zisifutwe mahali zilipo. Msimamizi akiifuta akaunti ya mtumishi aliyeacha kazi ili kuokoa ada ya mwezi, barua zake zote hutoweka pamoja nayo, na Vault haina cha kutafuta. Google hutoa leseni ya bei ndogo ya mtumiaji aliyewekwa kwenye hifadhi kwa ajili ya hali hiyo hasa. Kwa Microsoft, sanduku lililofutwa hubaki siku 30, lakini likiwa limewekewa zuio au kanuni ya uhifadhi kabla ya kufutwa hugeuka kuwa sanduku lisilotumika na kuendelea kutunzwa. Utaratibu wa idara ya rasilimali watu wa kumwondoa mtumishi kwenye mfumo ndio unaoamua kama hifadhi ya wingu ina maana, kuliko mpangilio wowote wa kiufundi.

Wanaotaka Microsoft 365 ipeleke nakala za unakili nje wanaweza, ila sanduku la kupokea haliwezi kuwa ndani ya Exchange Online yenyewe. Hilo linafungua njia ya kuunganisha: barua ziko wingu, nakala ya mlangoni iko kwenye Piler au MailStore ndani ya nchi.

Mara nyingi husemwa kwamba wingu halifai kwa sababu ya kukatika kwa mtandao, na mfano unaotajwa ni Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na Afrika Mashariki ikayumba. Kwa barua za kila siku hoja hiyo ina nguvu. Kwa hifadhi haina nguvu hiyo, kwa sababu hakuna shauri linaloharibika kwa kuchelewa siku tatu kutafuta barua ya mwaka 2021. Suala zito zaidi ni masharti ya kusafirisha taarifa binafsi nje ya nchi, ambayo yanamtaka mkurugenzi azungumze na mwanasheria wake kabla ya kusaini mkataba wa miaka mitatu.

Nani achague ipi

Ofisi ya watu watano hadi kumi, yenye barua pepe zilizonunuliwa pamoja na tovuti na isiyo na mtaalamu wake wa TEHAMA, itafanya vyema kuhamia huduma ya wingu yenye leseni sahihi. Kwenye seva ya kushirikiana haina uwezo wa kubadilisha mipangilio ya mlangoni, na mashine ya Linux isiyo na mwangalizi ni hatari kuliko kutokuwa nayo.

Kampuni yenye seva yake na msimamizi anayeijua, kwa mfano wakala wa forodha mwenye watumishi arobaini na mabishano ya mara kwa mara kuhusu tozo za kuchelewesha makontena, ichukue unakili wa mlangoni ukielekezwa Piler kwenye mashine ya pili, pamoja na kutunza daftari la matukio. Ndiyo njia inayoacha maswali machache kwa wakili wa upinzani, na mali yote inabaki mikononi mwa kampuni.

Kampuni inayotumia Windows na Exchange ofisini ichukue MailStore pamoja na ripoti za unakili za Exchange. Hapa sioni sababu ya kuhangaika na jambo jingine.

Ipo hatari ambayo hakuna njia kati ya hizi inayoiziba. Oda nyingi hapa kwetu hukubaliwa kwenye WhatsApp, na hifadhi ya barua pepe haizioni. Kampuni iandike kanuni fupi: makubaliano yoyote ya bei, kiasi au tarehe yaliyofanyika kwa simu au WhatsApp yathibitishwe kwa barua pepe siku hiyohiyo. Kanuni hiyo pia iwaarifu watumishi kwamba barua zao za kazini zinahifadhiwa, kwa muda gani, na nani anaruhusiwa kuzisoma, kama haki yao chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inavyotaka.

Kwa njia yoyote itakayochaguliwa, barua itolewe katika umbo lake ghafi, faili la EML, ikiwa na taarifa zote za kichwa. Ndani yake mna saini ya kidijitali iitwayo DKIM ambayo seva ya mtumaji huiweka, na saini hiyo huonyesha kwamba barua ilitoka kwenye kikoa (jina la mtandaoni linalofuata alama ya @) kilichotajwa na kwamba haikubadilishwa njiani. Ufunguo wa kuihakiki hukaa kwenye DNS ya mtumaji, yaani rejista ya mtandaoni ya kikoa chake, naye anaweza kuuondoa wakati wowote, kwa hiyo seva yako iandike matokeo ya uhakiki siku barua inapofika. Barua iliyochapwa kwenye karatasi au iliyosambazwa kwa mtu mwingine hupoteza uthibitisho huo wote.

Linabaki suala la barua za miaka iliyopita. Hifadhi huanza kuwa shahidi siku inapowashwa, na barua zilizokuwapo kabla yake zinaweza kuingizwa kutoka kwenye masanduku na mafaili ya PST, lakini haziwezi kupewa hadhi ya zile zilizonakiliwa mlangoni. Ziingizwe zikiwa na alama yake tofauti, na msimamizi aandike siku hiyohiyo zilitoka kwenye kompyuta ya nani, nani alizikabidhi, na zilikuwa ngapi, kisha asaini pamoja na shahidi. Wakili atakayezitumia miaka minne baadaye ataeleza kwa ukweli zilikotoka, badala ya kubanwa hadi akiri kwamba hajui.